Matete Uliyopanda Bila Kuniambia

Feza,

Weye ni mtoto mbaya. Naanza na hilo lisije likanikwama kooni. Nani alikupa ruhusa ya kupita mbele yangu? Mimi ndiye mkubwa. Mambo yote ya dunia hii nilitangulia mimi: kuota meno, kuolewa, kuzaa, kufiwa na mume, kuota mvi. Kufa kulikuwa zamu yangu. Weye ukaruka mstari kama wale wanawake wa soko la Rugenge wanaopenyeza beseni lao mbele ya wenzao, kisha wanaangalia juu kama vile hawasikii wanavyotukanwa. Mama alitulea hivyo? Hakutulea hivyo.

Ninaandika kwa mkono wangu. Usicheke. Najua herufi zangu zinatembea kama kuku mwenye mguu mbovu. Niliishia darasa la tatu, na sababu unaijua, sababu ni weye: ulizaliwa, mama akarudi ufukoni kuanika samaki, na mtu wa kukubeba nikawa mimi. Nilikuwa nakubeba mpaka dirishani mwa shule nisikilize masomo nikiwa nje, weye ukalia, mwalimu akatufukuza wote wawili. Kwa hiyo kila herufi mbaya iliyomo humu, nusu ni yako.

Binti yako Neema alisema, "Mama mkubwa, sema tu, miye nitaandika." Nikakataa. Kuna maneno ambayo nikiyatoa kwa mdomo yanageuka ugomvi, najijua. Na nikianza kulia mbele ya watu nitawakasirikia kwa sababu wameniona. Karatasi hainiangalii. Jumamosi tunaondoa kilio chako, matanga yanaisha. Neema ataisoma hii juu ya kaburi, mbele ya wamama wote wa vichanja na watu wa shirika letu la sala, na asiruke mstari. Neema, umesikia. Hata pale panaponiaibisha. Pale ndiyo usome polepole.

Habari za nyumbani kwanza. Neema amehamia kwako na watoto wake. Kuku wako mwekundu amehamia kwangu, sikumwita, anataga ndani ya sufuria yangu kubwa na nikimfukuza ananiangalia kwa macho yako. Ziwa limepanda tena kidogo, sasa linagusa mizizi ya ule mpera wako wa chini. Yule kiboko mzee bado yuko. Zamani alikuwa anakula majani yake pale kando ya kijito na kurudi majini bila kusumbua mtu. Mahali pa majani yake tumelima muhogo, naye sasa anakula muhogo, na watu wanasema amekuwa mkorofi. Ningekuwa yeye ningekuwa mkorofi zaidi.

Samaki wetu wadogo, ndagala, wanapatikana, si kama zamani. Kuhe hakuna. Nimeuliza wavuvi watatu na wote wamenijibu kwa kutikisa kichwa, kama watu walioulizwa habari za ndugu aliyepotea vitani.

Unakumbuka siku baba alipotuonyesha wale kuhe? Weye ulikuwa hujang'oa meno ya utoto. Tulikuwa ndani ya mtumbwi wake, asubuhi, maji meupe mpaka unaona mchanga chini kama uko mezani. Baba akainua kasia akasema, "Mtulie." Chini kulikuwa na shimo pana la mchanga, na samaki wawili wakubwa wa njano wenye mistari wakizunguka, wakizunguka, na katikati yao vitoto, vingi kama vumbi. Weye ukauliza kwa nini hawatukimbii. Baba akasema kuhe akiwa na watoto hakimbii, hali, anakaa palepale na mwenzake mpaka watoto wajue kujificha. Mimi nikasema, "Baba, wapige basi, wanene hao." Mkuki ulikuwa miguuni pake. Hakuugusa. Akaniangalia tu, akapiga kasia.

Weye ulilia njia nzima kwa furaha. Mimi nilikasirika njia nzima kwa ajili ya mchuzi. Nadhani tangu siku ile tuligawana: weye ukachukua macho ya baba, mimi nikachukua tumbo la mama.

Sasa nije kwenye vichanja.

Jumamosi watakaosikiliza wote wanajua kwamba kichanja cha matete kwenye ufuko huu nilikibuni mimi. Sisemi uongo na sitajinyima sifa yangu hata kama nimekuja kutubu. Kabla yangu tulikuwa tunaanika ndagala chini kwenye mchanga, kama mama, kama bibi. Wakinyeshewa wanaoza, wakikauka wanakauka na mchanga. Wanunuzi wa Bukavu walikuwa wanakuja, wanatia mmoja mdomoni, wanatema, wanasema, "Mama, ninyi munauza samaki ao munauza kiwanja?" Mimi nikaenda pale kijito chetu kinapoingia ziwani, nikakata matete, nikayasuka kama mkeka, nikayalaza juu ya nguzo. Samaki juu, upepo chini. Wakakauka kwa siku moja, weupe, safi. Wanunuzi wakaanza kuuliza jina langu barabarani. Wamama wakaja kujifunza, nikawafundisha, wakanifanya mkubwa wao. Nilipenda. Mtu aliyefukuzwa dirishani mwa shule akawa mwalimu, angeacha kupenda?

Lakini tete halidumu. Mvua moja, linaoza. Kila mwaka unasuka upya. Mwaka wa kwanza nilikata mimi peke yangu. Mwaka wa pili tukawa saba. Kisha ikawa ufuko mzima kuanzia kwetu kwenda Makobola, kila mama na panga lake, na kwa kuwa matete ya pale kijitoni ndiyo marefu, wote wakaja kwetu.

Weye ndiye pekee uliyesema. Ulikuja uani kwangu na bila hata kukaa ukaniambia, "Dada, waambie waache upande wa kijito. Humo mu matete ndimo samaki wanalelea watoto. Munakata nyumba ya watoto kuanikia wazazi."

Nikasema, "Tete ni jani. Jani linaota."

Ukasema, "Linaota likipewa nafasi. Ninyi munarudi kabla halijapumua." Ukaanza na mengine. Kwamba matete ni kama chujio la pombe ya ndizi: kijito kinashuka na udongo wa mlimani, matete yanashika udongo, maji yanapita. Kwamba mizizi yake ndiyo imeshika ukingo. Kwamba samaki ngege anataga mle, sangala mdogo anajificha mle asiliwe na sangala mkubwa, vyura wanakula mbu mle, ndege mwenye mdomo mrefu anakula vyura. Ulikuwa unahesabu kwa vidole kama katekista. Mimi nilikuwa nina mawazo yangu, na wamama walikuwa wamesimama pale wakinitazama nitajibu nini. Mkubwa anajibiwa na mdogo wake mbele ya watu.

Nikakuambia, "Kama unayapenda hivyo nenda ukaolewe nayo, si mume wako alishakufa."

Walicheka. Mama Riziki alicheka mpaka akashika ukuta. Weye hukucheka. Ulifunga vizuri kitenge chako, ukaenda.

Neema, hapo umesoma polepole? Soma tena.

Siku ya kukata tulikukuta umeshatangulia. Umesimama ndani ya maji mpaka magoti, mikono umeitanua, mbele ya matete, mwanamke mmoja mnene mwenye mikono mifupi. Tungecheka na hapo kama si uso wako. Hatukukugusa. Tulikata kulia kwako, tukakata kushoto kwako, tukabeba mizigo yetu. Ulipogeuka kilikuwa kimebaki kipande kimoja tu nyuma yako, upana wa nyumba mbili. Ukarudi nyumbani. Kuanzia hapo hatukusalimiana tena, mvua mbili zikapita. Tukikutana kanisani unatazama altare, mimi natazama viatu. Watu wazima. Mabibi wenye wajukuu.

Sasa nieleze kilichofuata kama kilivyofuata, kwa sababu nimekaa nimekifikiria kwa mpangilio, na sitaki mtu aseme ni mashetani ya ziwa.

Mvua ya kwanza kijito kilishuka chekundu. Si ajabu, kule juu wamekata miti kwa ajili ya makala, makaa ya kupikia, na wamelima muhogo mpaka pale mbuzi anapoogopa kusimama. Mimi nilikuwa nawatukana watu wa mlimani, na weye siku moja, tulipokuwa bado tunaongea, uliniuliza, "Na makala unayopikia yametoka wapi, Dada, yameanguka na mvua?" Leo pia nimepika maharagwe kwa makala yao.

Lakini zamani ule udongo ulikuwa unaishia mu matete. Mara hii ulipita moja kwa moja ukalala ziwani, mbele ya kijito, pale kwenye mchanga wa kuhe. Wavuvi walishusha nyavu wakapandisha tope. Sijui kuhe waliokuwa wanalinda walifanya nini. Baba alisema hawakimbii. Basi naona walikaa.

Mvua ya pili ukingo ukaanza kukatika. Hapakuwa na mizizi ya kuushika, ulikuwa unaanguka vipande vipande kama mkate uliochovywa. Na kilichokuwa juu ya ukingo ni choo. Choo chetu sisi wamama wa vichanja. Nani alionyesha mahali pa kukichimba? Mimi. Nilitaka kiwe karibu, kazi isisimame. Ukingo ulivyoanguka kilianguka nacho, chote, na kilichokuwa ndani kikaenda kwenye maji. Tuliona. Tuliziba pua, tukasema mvua itasafisha, tukachimba kingine.

Na chini ya hapo ndipo pale ulipokuwa unachota.

Kila mtu anajua kile kidimbwi, nyuma ya matete. Tangu bibi yetu tulikuwa tunachota pale, maji yalikuwa yanaingia yakiwa yameshapita katikati ya matete na mchanga, baridi, unaona mpaka chini. Mimi niliacha kuchota pale tangu mwanangu aliponiletea bomba la maji ya chemchemi mpaka uani. Bomba liko hatua hamsini kutoka mlangoni kwako. Weye ulikuwa unachota kwangu kila siku, tunakaa kwenye jiwe, tunasengenya watu, bidoni yako, lile dumu la njano, inajaa mpaka inamwagika.

Baada ya ugomvi hukuja tena.

Nilikuona, Feza. Hilo ndilo nililokuja kuliandika, mengine yote nilikuwa nazunguka. Kila asubuhi nilikuwa nakuona unapita nje ya ua wangu na bidoni ya njano, unaenda kijitoni, unarudi umeinama upande mmoja. Nilikuwa nafagia. Nilikuwa najua hali ya maji yale, kuliko mtu yeyote, maana choo kilikuwa changu. Nilikuwa nasema moyoni, atachoka, atakuja kuomba, na akiomba nitampa. Ndoo moja tu ya kuniomba. Na weye nadhani ulikuwa unasema, ataniita. Jina langu tu aliite. Mimi nikafagia. Uwanja ule ulikuwa umeshakuwa safi lakini nikafagia.

Kisha Jumanne ile Neema akaja anakimbia bila viatu.

Siwezi kuandika yote. Kuhara kulikuwa kumekukausha kama nguo. Mtoto wa jirani alitupakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikikushika, kichwa chako begani kwangu, mwepesi, kama siku za dirisha la shule. Hospitalini walitundika maji, wakatundika mengine. Munganga aliniuliza, "Mama, anakunywa maji ya wapi?" Nikamwambia, "Ya kijito." Akaandika. Hakuuliza matete, hakuuliza vichanja, hakuuliza mimi ni nani kwako. Ulikufa kesho yake kabla ya saa sita mchana.

Uliongea mara moja tu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu ya kuomba msamaha, nimeyapanga vizuri, nikainama. Ukaniambia, "Watoto wasichote pale." Ukafumba macho. Maneno yangu nikabaki nayo. Hata pale ulinikatiza.

Nilifikiri huzuni itanifanya mtu mzuri. Haikunifanya. Sikiliza nilichofanya siku ya tatu ya kilio. Wamama walikuja kwangu, kwa heshima, na Mama Riziki akasema, "Mkubwa wetu, pole sana. Lakini vichanja vimeoza vyote na mvua ziko zinaisha. Kilichobaki ni kile kipande cha marehemu. Sasa hakuna wa kukataza." Walikuwa hawana ubaya. Wana watoto. Nami nikasema, "Jumatatu baada ya kuondoa kilio, tutakata."

Nilisema hivyo. Maiti yako haijatulia ardhini. Unajua kwa nini? Kwa sababu kusema "hapana" ilikuwa ni kusema kwamba ulikuwa na haki tangu mwanzo, na kama ulikuwa na haki, basi kifo chako kina njia, na njia hiyo inapita mlangoni kwangu, kwenye panga langu, kwenye choo changu, kwenye bomba langu. Nikaona afadhali nikate. Tete ni jani. Nikikata la mwisho hakuna atakayekumbusha.

Jana alfajiri nikachukua panga nikaenda kupima mizigo mingapi itatoka. Sikutaka kwenda na mtu.

Niliingia upande wa kushoto, pale tulipokata sisi, ili nipite kwenye uwazi. Nikakuta hakuna uwazi. Kulikuwa na matete. Mafupi, yananifika gotini, mengine kiunoni. Nikafikiri, si nilisema jani linaota. Nikafurahi hata, nikafungua mdomo nikuambie. Kisha nikatazama vizuri. Yalikuwa kwenye mistari.

Feza, mistari. Mistari iliyonyooka, kila tete na nafasi yake, na kati ya mstari na mstari hatua moja, kama muhogo wa mama. Hakuna tete linalojiotea kwa mistari. Nikaingiza mkono kwenye tope nikavuta moja, likaja na kipande cha mzizi chenye jicho, na nyuzi za gunia kuukuu lililofungwa kushikilia udongo. Fundo lako. Lile fundo la mkono wa kushoto ambalo mama alikuwa anakupiga kwa ajili yake, na hukuliacha.

Nikahesabu mistari tisa upande wa kushoto. Upande wa kulia sita, na wa saba umeishia katikati. Nilikaa. Nilikaa ndani ya maji na nguo zangu. Miaka miwili nilikuwa nadhani unakwenda kule kuchota tu. Kumbe ulikuwa unachota na unapanda. Unapita nje ya ua wangu na bidoni, mimi nafagia nakuhesabia kiburi, na weye unakwenda kurudisha nilichokata, tete kwa tete, bila kumwambia mtu, bila kuniita nije nione aibu yangu. Ungeniita. Ungenitukana. Ningekuelewa zaidi.

Nilivyokuwa nimekaa pale tope likatulia, na ndani ya mistari yako, kwenye kivuli chake, nikaona vitoto vya samaki. Sijui ni vya nini. Labda ngege. Baba angejua, weye ungejua. Vilikuwa vinasimama vyote pamoja, vinageuka vyote pamoja. Kimoja kikaja kugusa kidole changu kikarudi.

Nikasimama nikarudi nyumbani. Panga nilikuwa nimelisahau, Neema ndiye aliyelileta.

Basi haya ndiyo ninayotaka wayasikie wakiwa wamesimama juu yako, maana hapo hawatabishana.

Matete hayakatwi. Yale ya zamani wala yale ya mistari. Neno la Jumatatu nimelirudisha, na kama mkubwa anayerudisha neno lake si mkubwa tena, basi watafute mwingine, kiti hiki hakina mto.

Kwenye vichanja tutatandaza nyavu. Nyavu kuukuu za wavuvi, zile zilizotoboka zinazotupwa zikanasa bata na miguu ya watoto. Nimeshajaribu. Jana mchana nilitoa wavu wa marehemu mume wangu darini, nikaukunja mara mbili, nikaukaza juu ya nguzo nne, nikaanika beseni moja la ndagala. Mama Riziki alipita akauliza, "Mkubwa, unavua samaki ao unavua jua?" Nikamwambia apite na miguu yake mirefu. Wamekauka. Sitadanganya juu ya kaburi: hawakukauka vizuri kama kwenye matete. Tumboni walibaki na unyevunyevu, na wakubwa kidogo walinasa vichwa, ikabidi kugeuza mara mbili na kunasua kwa vidole. Itakuwa kazi zaidi. Watanung'unika. Wawili najua wataondoka kwenda kukata kwingine, na sina mbio za kuwafukuza mpaka Makobola. Waliobaki watazoea, na asiyezoea aanike kwenye paja lake.

Choo kimefungwa. Kingine kinachimbwa juu, mbali na kijito, ng'ambo ya barabara. Mwenye haja aanze safari mapema.

Bomba langu halina mlango. Nimewaambia vijana wang'oe ule mlango wa ua, wameung'oa leo. Yeyote anayekaa kando ya kijito achote, awe tumesalimiana ao hatujasalimiana. Nikimwona mtoto na bidoni pale kidimbwini nitamchapa kwanza, kisha nitamjazia.

Haya hayakurudishi. Najua. Nilikuwa nataka kuandika kwamba hukufa bure, watu wanasema hivyo kwenye vilio, lakini nimelitazama neno hilo na nimeona ni la kujifariji mimi. Ulikufa bure kabisa. Ulikufa kwa ndoo moja ya maji iliyokuwa hatua hamsini. Ninalala nalo hilo na ninaamka nalo, liko upande wa kitanda ambao mume wangu aliuacha.

Nakusamehe kupita mbele yangu. Nakuomba unisamehe kwa lile neno la kuolewa, na kwa kufagia. Hayo mawili. Mengine tutagombana nikifika. Mwambie mama kwamba nilikubeba mpaka mwisho, hospitalini nilikubeba, asije akasema nilikuachilia. Mwambie baba kwamba sasa naelewa kwa nini hakuugusa ule mkuki. Imenichukua muda, lakini na yeye angeweza kusema kwa maneno.

Nenda salama, mtoto wa mama yangu. Ule mstari wa saba ninaumaliza mimi. Kisha wa nane, kisha mpaka kule ukingo ulipokatika, kila asubuhi, magoti yakikataa nitapanda nikiwa nimekaa. Siapi kwa Mungu, naye ana mengi ya kusikiliza. Naapa kwako.

Neema, umefika mwisho. Kunja karatasi, iweke chini ya jiwe la kichwani. Wamama, najua sufuria za kuondolea kilio zinanukia na kila mmoja amekuja na tumbo lake. Hakuna anayekula. Nyuma ya kaburi kuna gunia lenye maji, ndani kuna vipande vya mizizi, nimevikata mwenyewe pembeni ambapo kukata hakuna madhara. Kila mtu achukue viwili. Mama Riziki, weye chukua vinne, ulicheka kuliko wote. Vueni viatu, pandisheni vitenge, mushuke kijitoni mukapande, jicho likitazama juu, hatua moja kati ya mstari na mstari. Mukimaliza mukanawe kwenye bomba langu. Ndipo mule.